Asiyekuwepo na Lake Lipo

Katika Hong Kong ya miaka ya 1970, waraibu 100 wa heroini walilazwa hospitalini na wote wakaanzishiwa methadoni, dawa ya kunywa inayochukua nafasi ya heroini. Walipandishwa hadi miligramu 60 kwa siku, wakakaa wiki mbili wakiwa hali moja. Kisha bahati nasibu ikawagawa mafungu mawili ya watu 50. Fungu la kwanza liliendelea na methadoni, dozi ikirekebishwa kadiri ya haja ya kila mtu. Fungu la pili lilipunguziwa miligramu moja kwa siku, taratibu, mpaka baada ya siku 60 walichokunywa hakikuwa na dawa hata chembe. Mgonjwa hakujua yumo fungu gani. Aliyemkabidhi dawa naye hakujua. Aliyekosa kuja siku sita mfululizo, au ambaye mkojo wake uliendelea kuonyesha heroini, alihesabiwa kuwa ametoka.

Ilipofika wiki ya 32, katika fungu la methadoni walikuwa wamebaki 38. Katika fungu la pili walikuwa wamebaki 5. Miaka mitatu ilipotimia, kwenye methadoni walikuwepo 28. Upande wa pili alikuwepo mmoja.

Ripoti hiyo, ya Robert Newman na mwenzake Whitehill, ilitoka katika jarida la Lancet mwaka 1979. Ni fupi na haina madoido. Nimeirudia mara nyingi, na kinachonivuta ni jinsi ilivyowashughulikia wale 49 wa fungu la pili walioondoka. Watafiti hawakuwasahau, wala hawakuwalaumu kwamba hawakuwa na nia. Kuondoka kwao ndiko kulikokuwa jibu la swali. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo, na penye mgawo wa nyama au wa urithi msemo huo unatawala mpaka leo. Utafiti wa tiba za uraibu umesimama juu ya kanuni iliyo kinyume: asiyekuwepo na lake lipo, tena huenda lake likawa zito kuliko la waliopo. Huo ndio ufundi ninaotaka kuusifu, na nitausifu kwa hatua zake, maana uzuri wake hauonekani kwa anayepita mbio.

Kwanza tuone ugumu wa kazi yenyewe. Uraibu ni ugonjwa unaopanda na kushuka. Mtu huja kutafuta tiba siku mambo yamemfika shingoni: amefukuzwa nyumbani, ameugua, amekosa hata pa kulala. Hata asipotibiwa kitu, mwezi ujao huenda akawa afadhali kidogo, na yeyote aliyekuwa karibu naye siku zile atadai kwamba ni yeye aliyemponya. Halafu kuna wanaobaki na wanaotoweka. Aliyerudi kwenye unga haji kuaga. Baada ya mwaka mmoja, mkuu wa nyumba ya upataji nafuu akitazama waliokaa ukumbini ataona nyuso zenye afya, naye atasema kwa moyo mweupe kabisa kwamba tiba yake inaponya tisa kati ya kumi. Hasemi uongo. Anahesabu waliopo.

Tena kuna aibu. Mraibu amejifunza kwa miaka kwamba ukweli una gharama. Akisema ametumia jana, anaweza kupoteza kazi, watoto, au nafasi yake kwenye tiba. Na kuna tamaa ya mtafiti mwenyewe. Aliyetumia miaka kumi akibuni tiba anatamani ifanye kazi, na mwamba ngoma huvutia kwake. Kila kifaa katika sanduku la fundi huyu kilitengenezwa kuzuia mojawapo ya mitego hiyo, na vingi kati ya hivyo humzuia fundi asijidanganye yeye mwenyewe.

Kifaa cha kwanza ni jicho. Mwanzoni mwa 1964, katika hospitali ya Taasisi ya Rockefeller huko New York, watu watatu walianza kazi pamoja. Vincent Dole alikuwa bingwa wa kemia ya mwili aliyekuwa akichunguza unene. Marie Nyswander alikuwa daktari wa magonjwa ya akili. Alipitia hospitali ya serikali huko Lexington, Kentucky, iliyokuwa nusu hospitali na nusu gereza la waraibu, na mwaka 1956 akatoa kitabu kilichomtazama mraibu kama mgonjwa. Dole alikisoma kitabu hicho, akamtafuta mwandishi wake. Wa tatu, Mary Jeanne Kreek, alikuwa daktari kijana aliyekuwa bado katika mafunzo.

Wagonjwa wao wa kwanza walikuwa wawili. Walipewa mofini, na kila siku zilivyokwenda walihitaji zaidi. Walishinda mbele ya televisheni wakisubiri sindano inayofuata: saa chache wamelewa, saa chache wameshikwa na arosto, yaani mateso ya kukosa dawa, na katikati hapakuwa na nafasi ya maisha. Walipohamishiwa methadoni kwa dozi kubwa, watafiti waliona jambo ambalo hawakulitarajia. Mmoja alianza kuchora picha kwa bidii. Mwingine akaanza kuulizia habari za kurudi shule. Mazungumzo yao, ambayo siku zote yalizunguka dawa, yakahamia mambo mengine ya dunia.

Ninalistahi jicho hilo. Mtu mwingine angepima mapigo ya moyo, akaandika kwamba wagonjwa wametulia, akaishia hapo. Dole na wenzake waliona kwamba kipimo cha tiba hii kiko katika kile ambacho mtu huyu anafanya akiwa na siku nzima mikononi mwake. Maelezo ya kikemia yalifuata: mofini na heroini huingia na kutoka mwilini kwa saa chache, ilhali methadoni, ikinywewa mara moja, hukaa siku nzima bila kupanda ghafla wala kuporomoka. Wakaendelea kujaribu. Wagonjwa waliokuwa wameizoea methadoni walichomwa heroini na dawa nyingine za jamii yake chini ya uangalizi, kwa mpangilio wa siri, nao hawakupata ile raha waliyoizoea. Ripoti ya kwanza ilitoka mwaka 1965 ikiwa na wagonjwa 22, na ile ya majaribio ya kuzuia raha ikatoka mwaka 1966.

Hata hivyo jicho peke yake halitoshi. Wale 22 hawakuwa na wenzao wa kulinganishwa nao. Mpinzani angeweza kusema kwamba walichaguliwa walio bora, au kwamba kilichowasaidia ni kitanda safi na madaktari wenye huruma. Hoja hiyo isingejibika kwa kuongeza wagonjwa wa aina ileile, hata wangekuwa 2,000. Ilihitaji mgawo wa bahati nasibu, na ndiyo sababu jaribio la Hong Kong lina uzito wake. Bahati haimjui mwenye nia wala asiye na nia. Mwenye mke anayemsubiri nyumbani na anayelala stendi wana nafasi sawa ya kuangukia upande wowote. Mafungu mawili yakishatengwa hivyo, tofauti kubwa ikitokea baadaye inakuwa vigumu sana kuitafutia mwenyewe mwingine zaidi ya dawa.

Tazama pia lile punguzo la miligramu moja kwa siku. Wangeweza kuwakatia ghafla, na kila mtu angejua siku ileile yuko fungu gani kwa jinsi mifupa ingemuuma. Kwa kushuka taratibu kiasi hicho walilinda siri ya jaribio, na papo hapo wakawapunguzia watu mateso. Mara nyingi katika kazi hii nimeona uangalifu wa kisayansi na huruma vikishika njia moja namna hiyo.

Lakini si kila mara, na msifu wa ufundi asiyelisema hili hautendei haki ufundi wenyewe. Huko Sweden, Lars Gunne na Leif Grönbladh waliwagawa waraibu 34 kwa bahati, 17 kwenye methadoni na 17 kwenye huduma za kawaida zisizo na methadoni. Baada ya miaka miwili, 12 wa fungu la kwanza walikuwa wameacha heroini na kushika maisha yao. Katika fungu la pili, mmoja. Miaka mingi baadaye, Johan Kakko na wenzake jijini Stockholm walifanya jaribio la watu 40. Nusu walipewa buprenofini, dawa nyingine ya kutibu uraibu wa heroini, miligramu 16 kila siku kwa mwaka mzima. Nusu nyingine walipewa buprenofini ya kupunguza kwa siku sita, kisha plasebo, yaani kidonge kisicho na nguvu yoyote. Mafungu yote mawili yalipata ushauri nasaha wa kila wiki, vikao vya kundi, na kupimwa mkojo mara tatu kwa wiki. Mwaka ulipokwisha, robo tatu ya waliokuwa kwenye dawa walikuwa bado kwenye tiba. Kwenye plasebo hakubaki hata mmoja, na wanne kati ya wale 20 walikuwa wamefariki.

Jaribio hilo lilichapishwa mwaka 2003. Kila ninapofika kwenye wale wanne nasimama. Walikuwa watu waliokubali kwa hiari yao kuingia katika mgawo ambao haukuwaangukia vizuri. Hakuna ustadi wa takwimu unaolipunguza jambo hilo, wala haufai kulipunguza. Kinachoweza kusemwa ni kwamba watafiti waliwahesabu, wakawaandika, na kwa kuwaandika wakaufunga mlango. Tangu hapo ni vigumu mno kwa mtu yeyote kusimama mbele ya kamati ya maadili akaomba kumpa mraibu wa heroini plasebo kwa mwaka mzima. Na hoja kwamba ushauri nasaha peke yake unatosha, hoja iliyopendwa na wengi kwa sababu ina sura nzuri, ilibidi ijibu kwa nini wote 20 walioupata bila dawa waliondoka.

Sasa tuingie chumbani ambako kazi ya kila siku hufanyika, maana ufundi huu kwa sehemu kubwa ni kazi ndogondogo zinazorudiwa bila kuchoka.

Kuna kikombe cha mkojo. Kwa asiyejua ni jambo la kuchekesha, kwa mtafiti ni shahidi. Mraibu anayeogopa matokeo anaweza kuja na mkojo wa mtu mwingine ndani ya kichupa, au kuchanganya wake na maji ya bomba. Kwa hiyo kikombe huwa na kipimajoto kidogo kilichobandikwa ubavuni. Mkojo uliotoka mwilini sasa hivi, ukipimwa ndani ya dakika nne, huwa na joto kati ya nyuzi 32 na 38. Ukiwa baridi, si wa sasa. Maabara nayo hupima kreatinini, takataka ya kawaida inayotoka kwenye misuli, ili kujua kama mkojo umezimuliwa. Muuguzi mzuri hufanya haya yote bila kumdhalilisha mtu. Huangalia kipimajoto, huandika namba, huuliza habari za watoto. Anajua kwamba mgonjwa akitoka pale amevunjiwa heshima, kesho hatakuja, na asipokuja ushahidi wote umepotea.

Kuna kalenda. Linda Sobell na Mark Sobell, wanasaikolojia waliofanya kazi ya kupima unywaji wa pombe, walitengeneza njia ya kumsaidia mtu akumbuke miezi iliyopita siku kwa siku. Ukimuuliza mtu umekunywa mara ngapi katika siku 90 zilizopita, atakutajia namba ya kukuridhisha. Ukimwekea kalenda mezani, mkaanza kuandika siku anazozikumbuka bila shida, mambo hubadilika. Mshahara uliingia tarehe ngapi? Idi ilikuwa siku gani, na mlisherehekea wapi? Mtoto alilazwa lini? Kutoka kwenye nguzo hizo anaanza kutembea kwenda mbele na nyuma: siku mbili kabla ya msiba hakunywa, siku ya mazishi alikunywa, wiki nzima iliyofuata hakumbuki vizuri ila hakuwa mzima. Mwulizaji haonyeshi mshangao wala pongezi. Anajaza visanduku. Mwisho wa saa nzima, mtu aliyezoea kujieleza kwa kukana au kwa kutia chumvi amejiona mwenyewe kwenye karatasi, na mtafiti amepata namba zinazoaminika.

Kuna pia mizani ya arosto. Kwa karne nzima waraibu wameambiwa kwamba wanajifanya. Mizani inayotumika sana leo, iliyochapishwa na Donald Wesson na Walter Ling mwaka 2003, ina vipengele 11, na vingi kati yake havihitaji kauli ya mgonjwa. Mapigo ya moyo akiwa ameketi. Jasho. Mboni zilizopanuka. Kupiga miayo mfululizo. Pua na macho kuchuruzika. Mikono kutetemeka. Malaika kusimama kwenye ngozi ya mkono. Kila kimoja kina alama zake, na jumla ikizidi 36 arosto inahesabiwa kuwa kali. Anayejaza fomu hii analazimika kumtazama mgonjwa mwilini, kutoka usoni hadi vidoleni, na kuandika anachokiona badala ya anachokidhania.

Halafu inakuja siku ambayo mtu haji. Kikombe chake kimekaa mezani kikavu. Je, uandike nini? Desturi iliyotawala kwa muda mrefu katika majaribio haya ni kali: mkojo usioletwa huhesabiwa kuwa una dawa. Inaonekana si haki, kwa sababu huenda alikosa nauli au aliuguliwa. Lakini fikiria kinyume chake. Ukiruka siku ambazo mtu hakuja, tiba inayowafukuza wagonjwa wake wote isipokuwa watatu waaminifu itaonekana ina mafanikio ya asilimia 100. Wanatakwimu wa leo wana njia pana zaidi. Hujaza pengo kwa makisio kadhaa tofauti, wakaona kama hitimisho linasimama katika kila moja. Lakini moyo wa jambo haujabadilika. Pengo halipiti bila kuulizwa.

Mfano ulio bora wa kanuni hii, kwa maoni yangu, ni jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2018 na Joshua Lee na wenzake. Walilinganisha dawa mbili. Moja ni buprenofini, inayochukua nafasi ya heroini kwa upole na kutuliza kiu. Nyingine ni naltreksoni ya sindano ya mara moja kwa mwezi, inayoziba kabisa njia ya heroini mwilini. Tatizo la naltreksoni ni kwamba lazima mtu awe ameshaacha heroini kwa siku kadhaa kabla ya kuchomwa, la sivyo inamtumbukiza kwenye arosto ya kutisha. Watu 570 waligawanywa. Waliopangiwa buprenofini, asilimia 94 waliianza. Waliopangiwa naltreksoni, asilimia 72 tu walifika kwenye sindano. Wengine walishindwa kuzivuka siku zile za kati.

Hapo njia zinagawanyika. Ukihesabu wale tu walioanza dawa zao, matokeo baada ya wiki 24 yanakaribiana: asilimia 52 ya naltreksoni walirudi kwenye matumizi, na asilimia 56 ya buprenofini. Ukihesabu kila mtu aliyepangiwa, pamoja na wale ambao hawakuwahi kuiona sindano, picha inageuka: asilimia 65 kwa naltreksoni, 57 kwa buprenofini. Watafiti walitangaza mbele hesabu ya pili, ile ya watu wote, kisha wakaiweka na ya kwanza ili msomaji aone zote mbili. Daktari aliyekaa na mgonjwa leo anapata kutoka kwao jibu la kweli lenye sehemu mbili: dawa hizi zikishaanzwa zinafanana kwa usalama na kwa nguvu, ila moja ni ngumu kuianza, na katika ugumu ule watu wanapotea. Mtu anayetaka kuuza sindano angeridhika na hesabu ya kwanza. Fundi hakuridhika.

Ufundi huu haukuzaliwa ukiwa safi. Kule Lexington, alikopita Nyswander, wafungwa walijitolea kwa utafiti kwa miongo kadhaa, na miongoni mwa malipo waliyoweza kuchagua ilikuwemo mofini yenyewe. Maarifa mengi ya arosto tuliyonayo yalianzia pale, na namna yalivyopatikana ni doa. Katikati ya miaka ya 1970 utaratibu ule ulikomeshwa. Kutoka kwenye doa hilo umejengwa ustadi wa kuomba ridhaa, ambao siku hizi ni sehemu ya kazi sawa na kikombe na kalenda. Mtu aliye kwenye arosto atasaini chochote ili apate nafuu. Mtu aliyelewa hajui anachosaini. Kwa hiyo mtafiti husubiri saa iliyo katikati. Humsomea maelezo kwa lugha yake, kisha humgeuzia maswali: nieleze kwa maneno yako, unaweza kupewa dawa isiyo na nguvu? Ukiamua kuacha kesho, utanyimwa matibabu ya kawaida? Asipoweza kujibu, hasaini, wanaanza upya.

Habari hii ina tawi lake kwetu. Dar es Salaam ilivamiwa na heroini ya kujidunga kuelekea mwanzo wa miaka ya 2000, na pamoja na sindano ikaingia VVU kwa kasi kubwa. Februari 2011 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilifungua kliniki ya methadoni, ya kwanza ya umma Tanzania Bara na miongoni mwa za mwanzo katika eneo letu lote. Dk. Jessie Mbwambo, daktari wa magonjwa ya akili, alikuwa miongoni mwa walioisimamisha. Wagonjwa waliletwa na asasi za kijamii ambazo watu wake waliwafuata vijiweni. Kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo, mgonjwa alifika dirishani, akamiminiwa dawa ya maji, akainywa mbele ya mhudumu.

Kliniki mpya ina kishawishi cha kujisifu. Ile ilijihesabu. Barrot Lambdin na wenzake, wakiwemo madaktari wa Kitanzania, walichukua majina yote 629 ya walioanza tiba kati ya Februari 2011 na Januari 2013, wakauliza nani yupo na nani hayupo. Baada ya miezi 12 walikuwa wamebaki asilimia 57. Wangeweza kuishia hapo, maana kwa tiba ya aina hii namba hiyo si ya kuonea haya. Waligeukia walioondoka, wakatafuta walichofanana. Waliopewa dozi ndogo, chini ya miligramu 40, walielekea kuondoka kuliko waliopewa dozi za kati na kubwa. Waliowahi kufanyiwa ukatili wa kingono walielekea kuondoka kuliko wengine.

Soma tena matokeo hayo mawili ukiwa na kliniki mbele yako. La kwanza linamwambia daktari kwamba woga wake wa kupandisha dozi una gharama, na gharama hiyo inalipwa na mgonjwa anayerudi kijiweni kwa sababu kikombe chake cha dawa hakimfikishi asubuhi. La pili linamwambia kwamba kuna watu ambao dawa inawatuliza mwili, na bado kuna jeraha jingine linalowatoa mlangoni. Yote mawili yamesemwa na watu ambao hawakuwepo kuulizwa. Ni rekodi zao tu zilizobaki, na mtu aliyekuwa na subira ya kuzisoma.

Subira hiyohiyo iliokoa wengi katika jambo jingine linalotuhusu moja kwa moja. Miaka ya 1970 wagonjwa wa methadoni waliokuwa wakitibiwa kifua kikuu huko New York walianza kulalamika kwamba dozi haiwatoshi tena. Ni lalamiko ambalo kliniki nyingi hulipuuza: mraibu anataka kuongezewa, ndiyo desturi yake. Mary Jeanne Kreek na wenzake walichukua damu wakapima. Mwaka 1976 waliripoti kwamba kati ya wagonjwa 30 waliopewa rifampisini, dawa ya kifua kikuu, pamoja na methadoni, 21 walipata dalili za arosto, na kiwango cha methadoni katika damu yao kilikuwa kimeshuka kwelikweli. Rifampisini inalihimiza ini liisage methadoni haraka zaidi. Wagonjwa walikuwa wakisema kweli. Baadhi ya dawa za VVU, kama nevirapini na efavirenzi, zilikuja kuonekana zina tabia hiyohiyo. Katika nchi kama yetu, ambako uraibu, kifua kikuu na VVU hukutana mara kwa mara katika mwili mmoja, ugunduzi huo ndio unaoamua kama mtu atamaliza dozi zake za kifua kikuu au ataziacha ili aponyoke arosto.

Kutoka Muhimbili kliniki zilienea Mwananyamala, Temeke na mikoa mingine. Zanzibar na Kenya nazo zikafungua zao miaka michache baadaye. Wengi wanaofika kwenye madirisha hayo hawajui habari za Hong Kong wala Stockholm, na hawana haja ya kuzijua ili dawa iwafae. Lakini kila miligramu wanayomiminiwa imepitia mikono ya watu waliokubali kupima dhidi ya matamanio yao wenyewe, na ya wagonjwa waliokubali kugawanywa kwa bahati ili sisi wengine tusibahatishe.

Kwa sababu hiyo sifa yangu kwao ina dai kwetu. Hakuna mwezi unaopita bila mtu kutangaza tiba mpya ya ulevi au ya unga: mizizi, maombi, kambi ya siku 40, sindano ya gharama kubwa. Huenda mojawapo ni nzuri. Hatuna haki ya kuikataa kwa dharau, na hatuna haki ya kuipokea kwa picha za waliopona peke yake. Tuwaulize wenyewe walioitangaza: mlianza na watu wangapi, mliwagawaje, wale ambao hawakurudi mliwatafuta wapi, na kwenye hesabu yenu mmewaandika upande gani? Mwenye tiba ya kweli atakuwa na majibu, kwa kuwa maswali hayo ndiyo kazi yenyewe. Asiyekuwa nayo bado hajaanza kupima, hata kama ukumbi wake umejaa. Mzazi anayemtafutia mwanawe tiba anastahili kuyajua majibu hayo kabla hajauza shamba.